Hotuba ya Ijumaa: Nyumba ya Aliyefilisika

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola aliyewagawia waja wake riziki kwa kipimo akijuacho Yeye, akamkunjulia huyu na kumbania yule, ili ajulikane mwenye kushukuru na ajulikane mwenye kusubiri. Tunamhimidi, tunamwomba msaada, na kwake tunatubia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi wasikilizaji wetu mlioko majumbani, nakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu katika ibada zetu na katika mali zetu. Wapo watu wanaomkumbuka Mola wao wanaposimama kuswali, kisha wakamsahau wanapokaa kuandikiana hati ya deni.

Leo tunakusudia kuzungumza juu ya jambo linalowahusu wengi na kusemwa na wachache. Ni habari ya mtu aliyefilisika, mali yake ikauzwa, akakaa miaka ya dhiki. Kisha Mwenyezi Mungu akamfungulia njia, akapata kazi au biashara, na sasa anataka kuomba mkopo ajenge au anunue nyumba ya kuwasitiri mkewe na watoto wake. Anafika mlangoni mwa mkopeshaji, na jina lake la zamani limefika kabla yake. Je, mtu huyu ana haki ya kuaminiwa tena? Naye anawajibika kufanya nini ili aaminiwe?

Ndugu zangu, katika wilaya zetu hizi mbili, Tarime na Serengeti, zinazotenganishwa na Mto Mara, utajiri wa mtu tangu zamani ulionekana kwa macho. Ulikuwa zizi lililojaa na ghala lenye ulezi na mtama. Ufukara nao ulionekana kwa macho. Mtu aliyepotelewa na ng'ombe kwa ukame, kwa maradhi au kwa wizi alijulikana na majirani zake wote. Wazee walikuwa na njia ya kumnyanyua: jamaa au rafiki alimkabidhi ng'ombe wa kutunza, akanywa maziwa yao na watoto wake, na akiwatunza vizuri aliweza kupata ndama wa kuanzia zizi lake mwenyewe. Aliaminiwa tena kwa sababu mbili. Watu walijua namna alivyopoteza mali yake, na waliona namna anavyoitunza mali ya wenziwe.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mkopeshaji hakai tena kijiji kimoja na mkopaji, wala hakuona ukame ulivyoingia zizini mwake. Anachokiona ni karatasi. Na karatasi husema kwamba fulani alikopa akashindwa kulipa. Aghalabu haisemi kwa nini alishindwa.

Tumchukue kwa mfano mtu mmoja wa Mugumu. Hatumtaji jina kwa kuwa hatumkusudii mtu maalumu. Mwaka 2019 watalii walioingia nchini petu walizidi 1,500,000, na shughuli katika njia ya kwenda lango la Ikoma zilikuwa nyingi. Mtu huyu akaweka rehani nyumba yake, akakopa, akanunua gari la kuchukulia wageni. Mwaka 2020 yakaja maradhi ya UVIKO-19. Mipaka ya dunia ikafungwa, na watalii wa mwaka mzima wakapungua hadi kufikia kama 620,000, chini ya nusu ya wale wa mwaka uliotangulia. Gari likasimama, marejesho yakasimama, lakini deni halikusimama. Nyumba ikapigwa mnada, na bado likabaki salio. Hakunywa pombe kwa fedha ile, wala hakuoa mke wa pili kwa ufakhari. Alipatwa na jambo lililoipata dunia nzima.

Tumchukue na mwingine, wa upande wa Nyamongo. Huko, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002, imezuka desturi iliyopewa jina la tegesha. Mtu akisikia kwamba eneo fulani litafanyiwa tathmini, huharakisha kupanda miche na kusimamisha vijumba, akitumaini kulipwa fidia. Tuseme mtu huyu alikopa fedha za mabati na saruji ili ategeshe kama wenzake. Tathmini ikapita mbali na kiwanja chake, au ikavikataa vijumba vyake, na mkopeshaji akaja kudai. Huyu naye amefilisika, lakini sababu yake si ile ya mtu wa Mugumu.

Kabla hatujaendelea, inafaa tufahamu maana ya neno hili kufilisika, kwa kuwa watu huchanganya mambo mawili. Katika mazungumzo ya kila siku, mtu aliyeuziwa nyumba au ng'ombe kwa deni huitwa amefilisika. Lakini mufilisi wa kisheria ni yule aliyetangazwa na mahakama, chini ya Sheria ya Ufilisi ambayo asili yake ni enzi za utawala wa Waingereza. Shauri la namna hiyo kwa kawaida hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake Musoma, na mali ya mufilisi husimamiwa na kabidhi wasii aliye chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Aliyetangazwa hivyo hubaki katika hali hiyo mpaka aachiliwe kwa amri ya mahakama. Wengi wa watu wetu hawakufika huko. Wao waliuziwa dhamana zao, wakabaki na majina yaliyoandikwa kwa wino mwekundu. Kila mmoja na ajue yeye ni yupi kati ya hao wawili, kwa maana njia ya kurudi si moja.

Wala tusidhani kwamba kufilisika ni aibu ya mtu mmoja mmoja tu. Nchi yetu ilikuwa na Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1973 kwa nia njema ya kuwakopesha wananchi fedha za kujengea. Mikopo mingi haikurudishwa, uendeshaji ukadhoofika, na mwaka 1995 benki hiyo ikafungwa. Yule aliyekuwa akiwapima wengine kama wanakopesheka, naye akashindwa na madeni yake. Kwa miaka mingi baada ya hapo mwananchi wa kawaida hakuwa na mahali pa kuomba mkopo mrefu wa nyumba. Mlango ulifunguliwa tena kidogo kidogo: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaweka utaratibu wa rehani, mwaka 2008 ikatungwa sheria maalumu ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC, inayozipatia benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo. Hata hivyo mpaka leo mikopo ya nyumba yote nchini haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Ikiwa mlango ni mwembamba hivyo kwa asiyewahi kuanguka, basi aliyeanguka auendee kwa matayarisho.

Ndugu Waislamu, dini yetu haikunyamaza juu ya jambo hili. Katika Surat al-Baqara, aya ya 280, Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na akambainishia mdai kuwa kumsamehe ni kheri zaidi kwake. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qurani, tumeamrishwa kuliandika deni, kuweka mashahidi, na mwandishi kutopunguza haki ya yeyote. Tazameni jinsi mambo haya mawili yalivyokaa jirani, huruma kwa mwenye dhiki na uangalifu wa kuandika.

Tuje kwenye mifano ya watu. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri habari ya mtu aliyenunua matunda katika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, matunda yale yakapatwa na janga, na madeni yakamzidi. Mtume akawahimiza watu wamsaidie kwa sadaka. Walichotoa hakikutosheleza deni. Ndipo Mtume akawaambia wadai wachukue walichokikuta, kwani hawakuwa na njia ya kupata zaidi ya hicho wakati ule. Mtu huyu ni ndugu yake yule wa Mugumu. Mtume hakumtukana wala hakumfunga, na wala hakuwadhulumu wadai: aliwapa kilichokuwapo.

Mfano wa pili umo katika Muwatta ya Imamu Malik. Katika zama za Sayyidna Umar alikuwako mtu wa kabila la Juhayna aliyependa kuwatangulia mahujaji. Alinunua vipando kwa bei ya juu, kwa mkopo, ili asifiwe kwamba amefika mbele ya wenzake. Akafilisika. Umar akasimama mbele ya watu, akaeleza kwamba fakhari ndiyo iliyomfikisha pale, akawatahadharisha watu na madeni, kisha akawaita wadai wake waje asubuhi wagawiwe mali yake. Huyu alilaumiwa hadharani, kwa sababu deni lake halikuwa la haja. Na leo wapo wangapi kati yetu wanaokopa gari au harusi ili wasikike?

Mfano wa tatu ndio nitakao mwukumbuke zaidi. Imepokewa, ingawa wanachuoni wameijadili isnadi yake, kwamba Muadh bin Jabal, kijana mkarimu asiyejua kuzuia mkono wake, alizongwa na madeni mpaka Mtume akaiuza mali yake na kuwagawia wadai, nao wasipate haki yao yote. Mambo yakaisha? Hayakuisha. Baada ya hapo Mtume alimtuma Muadh Yemen, awe mwalimu, kadhi na mpokeaji wa zaka. Mtu aliyeuziwa mali yake akakabidhiwa mali ya umma. Mtume alijua tofauti baina ya mtu aliyeshindwa kulipa na mtu asiyeaminika.

Basi, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, wenye madeni ni watu wa namna tatu. Yuko aliyepatwa na msiba. Huyu anastahili kusubiriwa na kusaidiwa. Yuko aliyejiingiza kwa pupa au fakhari. Huyu anastahili kuonywa, na akijirekebisha anyanyuliwe. Na yuko mwenye uwezo wa kulipa ambaye hulificha fungu lake, akahamisha mali kwa jina la shemeji, kisha akalia umaskini mbele ya wadai. Huyo Mtume amekwisha kutufundisha kwamba kuchelewesha kwake ni dhulma. Kosa letu kubwa ni kuwachanganya watu hawa watatu katika kapu moja, tukamwadhibu wa kwanza kwa hila za wa tatu.

Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ndugu Waislamu, katika khutba ya kwanza tumeona kwamba aliyefilisika hakufungiwa mlango wa kuaminiwa. Sasa tuangalie namna ya kuuendea, kwani nasaha isiyo na njia humwacha msikilizaji pale pale alipokuwa.

Jambo la kwanza ni kulimaliza deni la zamani. Wahenga wamesema dawa ya deni ni kulipa, na dawa hiyo haibadiliki kwa kupita miaka. Mwendee mdai wako wa kwanza kwa miguu yako, kabla hujamwendea mkopeshaji mpya. Ukiwa huwezi kulipa salio lote, taka mapatano mapya, nayo yaandikwe. Ukimaliza, dai barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, na hakikisha kwamba rehani iliyosajiliwa juu ya ardhi yako, kama bado ipo, imefutwa. Na aliyetangazwa mufilisi na mahakama aombe kuachiliwa na mahakama hiyo hiyo, asidhani kwamba muda peke yake umemwachilia.

La pili ni kuijua habari yako kabla hujaambiwa na mwingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, taarifa za wakopaji wa mabenki hukusanywa katika kumbukumbu zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, na zipo taasisi zilizopewa leseni ya kuzichakata na kuwapatia wakopeshaji. Mkopaji naye anayo haki ya kuiona taarifa yake na kuomba irekebishwe ikiwa ina makosa. Huenda deni ulilolimaliza zamani bado linaonekana halijalipwa kwa sababu hapana aliyelifuta. Barua yako ya kumaliza deni ndiyo shahidi wako. Iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wako.

La tatu ni kusema kweli. Katika fomu ya maombi huulizwa kama umewahi kushindwa kulipa mkopo. Jibu kwa ukweli, na uambatanishe maelezo mafupi: lini, kwa sababu gani, umelipa kiasi gani, na kitu gani kimebadilika tangu siku ile. Mkopeshaji ni kama mtu aliyeumwa na nyoka, ambaye akiona ung'ongo hushtuka. Ukimweleza mapema, atauchunguza ung'ongo wako na huenda akatulia. Akiligundua mwenyewe jambo ulilomficha, ataamini kwamba kweli ni nyoka. Tena kwa mufilisi ambaye hajaachiliwa, kukopa bila kuieleza hali yake ni kosa la jinai.

Wako wanaokwepa jambo hili kwa kukopa kwa jina la ndugu, la mke, au la mtoto aliyeajiriwa majuzi. Ndugu zangu, hiyo ni kuichukua aibu yako na kumvika mwingine aliyekuwa safi. Ukishindwa mara ya pili, nyumba mbili zitakuwa zimeanguka kwa deni moja.

La nne ni kujenga jina jipya kwa vitu vidogo. Yule wa zamani alipewa ng'ombe wa kutunza kabla ya kuwa na zizi lake. Wewe nawe anza kwa kuweka akiba katika chama cha akiba na mikopo, kila mwezi bila kukosa. Chukua mkopo mdogo unaouweza, ulipe kabla ya siku yake, kisha mwingine. Miaka miwili au mitatu ya marejesho yaliyonyooka humsemea mtu kuliko wadhamini kumi. Na unapopima marejesho ya nyumba, usiyapime kwa mwezi wa mavuno ya kahawa wala kwa msimu wa watalii. Yapime kwa mwezi mbaya kuliko yote katika mwaka. Ukiweza kulipa mwezi ule na watoto wakala, deni hilo ni saizi yako. Ukishindwa, jenga chumba kimoja kwa akiba yako, na mwakani kingine. Hakuna aya iliyomlazimisha mtu kumaliza nyumba kwa mwaka mmoja. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nao walikwisha kuyaona yote mawili.

La tano ni hati na wenye nyumba. Mkopo wa nyumba husimama juu ya ardhi yenye karatasi. Katika miji kama Tarime na Mugumu, hati ya kumiliki kiwanja kilichopimwa ndiyo inayotakiwa. Vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hati ya hakimiliki ya kimila, ingawa si kila mkopeshaji anaikubali. Ulizeni kabla ya kutumia nauli. Na jueni, enyi wanaume, kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuiweka rehani nyumba ya familia bila ya ridhaa ya mke. Msimpelekee mke karatasi usiku aweke dole gumba asichokijua. Mkalishe mchana, umsomee kiasi cha deni, miaka yake, na litakalotokea ukishindwa. Akikataa, msikilize, maana yeye ndiye aliyebaki na watoto siku ile ya mnada wa kwanza.

Tena jueni kwamba ukichelewa kulipa, Sheria ya Ardhi kama ilivyorekebishwa inamtaka mwenye rehani akupe taarifa ya maandishi ya siku 60 kabla hajaweza kuiuza nyumba, na atakapouza atafute bei nzuri kadiri iwezekanavyo. Siku hizo 60 hazikuwekwa kwa ajili ya kujificha. Wako wanaovuka mpaka wa Sirari wakaenda kukaa Kenya mpaka dalali apite, wakamwacha mke akijibu hodi. Siku hizo ni za kwenda kuzungumza, kuomba muda, au kuuza wewe mwenyewe kwa bei njema kabla ya nyundo ya mnada.

La sita ni riba. Mikopo mingi ya nyumba hutolewa kwa riba, nanyi mnaijua hukumu ya riba katika dini yetu. Mwislamu aulize kwanza njia zilizo halali. Mwaka 2011 ilianza kazi Amana Bank, inayofuata misingi ya Kiislamu, na baadhi ya benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Humo benki huweza kununua nyumba na kumwuzia mteja kwa bei iliyo wazi, alipe kwa mafungu. Au wakashirikiana katika umiliki, na mteja akawa anainunua sehemu ya benki kidogo kidogo. Anayeishi Mugumu au Nyamongo huenda akalazimika kusafiri ili kuzipata, lakini safari ya siku moja ni nyepesi kuliko mzigo wa miaka 20. Hata huko, historia ya mtu huangaliwa, na yote tuliyoyasema juu ya ukweli yanabaki vile vile.

Na kaa mbali, ewe uliyekwisha kuanguka, na wale wakopeshaji ambao watu wenyewe wamewaita kausha damu. Wao hawaulizi historia yako, kwa sababu wanategemea uanguke tena. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Asiyekuonesha leseni, wala kukupa nakala ya mkataba, na akataka kadi yako ya benki na namba yake ya siri iwe dhamana, huyo usimkalie hata kwa dakika moja.

Sasa neno kwa wadai na wakopeshaji. Enyi mliopewa kalamu ya kukubali na kukataa, hatuwaombi mgawe fedha za watu kwa huruma. Hizo nazo ni amana za wenye akiba. Tunawaomba mwulize swali moja zaidi: alianguka kwa nini, na amefanya nini tangu pale? Aliyeanguka mwaka 2020 pamoja na dunia nzima, akalipa salio lake hadi shilingi ya mwisho baada ya nyumba yake kuuzwa, amekwisha kutoa ushahidi ambao asiyejaribiwa hajautoa. Na akimaliza kulipa, futeni jina lake upesi kama mlivyoliandika upesi.

Na neno kwa sisi sote tulio majirani. Nyumba ya mwenzetu inapopigwa mnada, tusiwe wa kwanza kuinunua kwa bei ya kutupa na kisha tukamwamkia njiani kama kwamba halikuwa lolote. Wenye kulemewa na madeni ni miongoni mwa watu wanane waliotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60, kuwa wanastahili zaka. Kwa nini basi katika misikiti yetu fungu lao halisikiki? Na mkumbukeni Abu Qatada, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Iliposimamishwa jeneza la mtu aliyekufa na deni, na Mtume akajizuia kumswalia, Abu Qatada alisimama akalibeba deni lile juu ya shingo yake, ndipo maiti akaswaliwa. Wako leo wenye uwezo wa kumdhamini ndugu mmoja mwaminifu, angali hai, asingoje mpaka siku ya jeneza.

Mwisho, ndugu Waislamu, Mtume aliwauliza masahaba zake ni nani aliyefilisika. Wakamjibu kwa waliyoyazoea, kwamba ni asiye na dirhamu wala mali. Akawafundisha kuwa mufilisi wa kweli katika umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala na saumu na zaka, hali amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amempiga mwingine. Thawabu zake zikagawiwa kwa aliowadhulumu mpaka zikaisha. Ufilisi wa duniani una amri ya kuachiliwa na una kuanza upya. Ule wa Akhera hauna mkopo wala mdhamini. Basi mdaiwa asile haki ya mdai, na mdai asivunje heshima ya mdaiwa.

Ee Mola wetu, walipie madeni wenye kudaiwa, wape wasaa wenye dhiki, na walainishe nyoyo wenye kudai. Wape makao mema waliopoteza makao yao, na uwarudishie watoto wao utulivu. Tulinde na deni litushindalo na fakhari itupelekayo kwenye deni. Ibariki mvua yetu, mifugo yetu na kazi za mikono yetu katika Tarime, katika Serengeti na katika nchi yetu yote. Tusamehe sisi, wazazi wetu, walimu wetu na Waislamu wote, walio hai na waliokwisha kutangulia. Amin. Simameni kwa swala.